Mwandiko Usio na Jina

Ofisini walimwita Mama Masjala, na wengi wao hawakulijua jina lake jingine. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa katika chumba cha chini, mwisho wa ukumbi, kati ya makabati ya chuma yaliyosimama bega kwa bega na dirisha moja lililotazamana na ukuta. Kila barua iliyoingia katika idara ilipita kwanza mikononi mwake. Aliigonga muhuri wa tarehe, akaiandika katika daftari, akaitoboa, akaifunga ndani ya jalada lake na kuipa nambari ya folio kwa kalamu nyekundu, juu, pembeni upande wa kulia. Karatasi ikishapata nambari ile imekuwa ya serikali. Awe mkuu wa ofisi au mfagizi, hakuna mwenye ruhusa ya kuichomoa.

Kazi hiyo ilimpa ujuzi ambao hakuuomba. Alijua miandiko ya watu kama wengine wanavyojua vikohozi vya watu wa nyumbani mwao. Herufi za mhasibu zililala nyuma kana kwamba kuna mtu anazivuta sikio. Katibu muhtasi akigombana na mumewe, nukta zake zilitoboa karatasi. Mkuu aliyetangulia alianza kutetemeka katika sahihi yake mwaka mzima kabla ya madaktari kumwambia anaumwa nini, na Mama Masjala aliuona ugonjwa ule ukiingia folio baada ya folio, asimwambie mtu.

Kwa hiyo Jumatano ile, mkufunzi kutoka makao makuu alipogawa vipande vya karatasi na kuwaahidi kwamba hakuna atakayejulikana kwa kuwa hakuna atakayeandika jina, Mama Masjala aliinamisha kichwa. Watu hawa walikuwa wameandikiana madokezo majaladani maisha yao yote ya kazi. Kuwaambia wafiche majina na waandike kwa mkono ni kama kuwaambia wajifunike uso kisha waimbe.

Yalikuwa mafunzo ya usawa na ujumuishi kwa watumishi wa umma. Waraka ulisema wahudhurie wote bila kubaguliwa yeyote, vibarua wakiwemo, na wote ishirini na saba walisaini daftari la mahudhurio. Yalifanyika katika chumba cha mikutano cha juu, kwa sababu ndicho chenye mapazia mazito ya kuzuia mwanga. Ngazi za kufika huko ni thelathini na moja. Mkufunzi alikuwa amekwisha kuanza kueleza habari ya milango iliyo wazi kwa kila mtu waliposikia mkongojo unagonga ngazi, ko, kisha kimya, kisha ko, na ikambidi aendelee na milango yake huku mlio ule ukipanda pole pole kumfuata. Binti wa dirishani alipotokea mlangoni, jasho likimtiririka shingoni, hakuna aliyejua pa kutazama. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mguu mmoja mfupi tangu utotoni, na ndiye aliyepokea wananchi kwenye dirisha la chini kwa miaka minane. Mama Masjala ndiye aliyemfundisha kazi ile. Mchana walikula pamoja, na binti alimwita mama kwa maana yake kamili.

Mkufunzi aliwataka waandike siku moja waliyoona mtu anatendewa isivyo haki katika ofisi hii. Vichwa viliinama. Mhasibu alihamishia kalamu mkono wa kushoto. Katibu muhtasi aliandika kwa herufi kubwa kama bango la kuzuia kuegesha magari. Nyuma kabisa, karibu na ndoo ya maji, alikaa tarishi, mzee mkavu waliyembandika jina la Mzee Kengele kwa sababu ya baiskeli ya ofisi, ambayo kengele yake ilikuwa nzima kuliko breki zake. Alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi sita sita, na ofisi nzima iliamini kwamba kusoma kwake kunaishia kwenye nambari za milango.

"Mzee, wewe chora baiskeli tu," mmoja alimtania. "Tutaelewa."

"Nitachora na aliyenipakia mizigo," alijibu, na watu wakacheka.

Mama Masjala aliandika kwamba maji ya kunywa hayatoshi. Aliikunja karatasi yake mara nne na kuitia kwenye boksi.

Mkufunzi alichomoa karatasi moja moja na kuzisoma kwa sauti ya upole. Ya kwanza ilisema choo cha wanawake hakina komeo. Ya pili ilikuwa ya maji. Ya tatu ililalamikia zamu za Jumamosi. Ya nne aliianza kwa sauti ile ile, na alipofika katikati ndipo alipotambua anasoma nini, lakini kurudi nyuma kulikuwa kumeshindikana.

"Kuna mtumishi humu alitakiwa kwenda chuo kusomea cheo. Makao makuu walimtaja yeye. Mkuu akaandika jaladani: ngazi za chuo zitamshinda, apelekwe mwingine. Mama wa masjala aliliona dokezo hilo, akalipa nambari, akalifungia kabatini. Binti wa watu yuko dirishani mpaka leo na hajui."

Kisha, bila kutaka, macho yakaanza kwenda kwenye mkongojo ulioegemezwa ukutani. Mkuu, aliyekaa safu ya mbele, alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai, taratibu, kioo kimoja kisha cha pili. Binti wa dirishani hakumtazama Mkuu. Aligeuka akamtazama Mama Masjala, akamtazama kwa muda mrefu, na usoni pake hapakuwa na hasira bado. Palikuwa na swali. Mama Masjala ndiye aliyeangusha macho, na hapo swali likapata jibu.

Wakati wa chai mtu alimnong'oneza mkufunzi jambo lililomfanya ashike shavu. Hakusoma nyingine. Kabla ya kuondoka alishuka masjala na boksi lake, akaomba karatasi zote zipigwe chapa ili miandiko isionekane, kisha ziende makao makuu kwa mfuko wa posta wa Ijumaa saa sita. Zote ishirini na saba, alisisitiza, kama walivyosaini. Alikuwa mwanamke mwema na aliomba radhi mara mbili, bila kusema kwa ajili ya nini.

Peke yake, Mama Masjala aliitafuta ile karatasi ya nne. Hakuhitaji kuisoma. Aliigeuza na kupitisha kidole mgongoni mwake, akayasikia maneno yamevimba upande wa pili kama kovu. Mtu mmoja tu katika jengo lile aliikandamiza kalamu namna ile. Kwenye meza yake, pembeni ya muhuri, lilikaa daftari la kupelekea barua, lenye jalada la kitambaa lililopauka. Wapokeaji waliweka sahihi zao mle, lakini safu ya mwisho, ya maelezo, ilijazwa na tarishi mwenyewe. *Amekataa kupokea. Amehama. Mlango umefungwa, mbwa yupo.* Miaka kumi na moja ya mkono wa Mzee Kengele, mkia wa kila *g* umepinda kama ndoano. Mle ofisini hakuna aliyewahi kulifungua daftari lile isipokuwa wao wawili.

Dokezo lenyewe alilikumbuka vizuri mno. Lilikuwa folio ya kumi na nne, miaka miwili iliyopita, siku ya mvua. Alilisoma akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Alijiambia kwamba kazi yake ni nambari. Aliiandika, akaifunga kamba ya jalada, akampa Mzee Kengele alipeleke ghorofani bila bahasha kwa kuwa bahasha zilikuwa zimekwisha. Mchana ule alikula na binti kama kawaida, na binti alimsimulia ndoto zake za chuo, na yeye akasema tusubiri, mwanangu, serikali ina mwendo wake.

Alhamisi Mkuu alishuka mwenyewe kulirudisha boksi, alilokuwa ameagiza apelekewe asubuhi. Hilo peke yake lilitosha kumshtua Mama Masjala, maana Mkuu huita watu, haendi kwao. Alifunga mlango, akamuuliza hali ya mama yake mzazi, ambaye tangu alipopigwa na kiharusi alikuwa akipelekwa hospitali kila Jumanne na Ijumaa kwa mazoezi ya mkono. Aliuliza kwa heshima na alisikiliza jibu. Kisha alinyoosha mkono, akaitoa karatasi ya nne kutoka kwenye boksi na kuishika mbele ya dirisha.

Alisema amekaa nusu ya asubuhi akiilinganisha na madokezo ya watu wote. Si mhasibu. Si katibu. Si yeyote anayeandika jaladani. Alipokuwa akisema hayo aliegemeza kiwiko mezani, juu ya daftari la kupelekea barua, na kitambaa chake kikabonyea chini ya uzito wake. Mama Masjala alikitazama kiwiko kile. Akajikaza asikitazame.

"Hakuna mwandiko usioujua wewe," alisema Mkuu.

"Miandiko ni mingi, mzee."

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Alitoa mfukoni barua iliyokunjwa, akaifungua mbele yake. Ilikuwa ya uhamisho, kwenda kituo kidogo cha idara ambacho gari lilichukua siku mbili kukifika, penye zahanati moja na muuguzi mmoja. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa tayari. Mahali pa sahihi palikuwa peupe. "Wanataka mtu wa masjala kule. Sipendi kukuhangaisha, na mgonjwa uliye naye. Kesho kabla ya kufunga ofisi niambie ni nani, na hii tutaichana pamoja."

Aliongeza kwamba karatasi hii haitapigwa chapa. Ishirini na sita zinatosha, na kama mkufunzi anataka ishirini na saba, Mama Masjala aandike chochote pale, aseme viti vimevunjika. Mlangoni aligeuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa kweli.

"Nilimhurumia yule binti. Umewahi kukiona kile chuo? Madarasa yote yako juu. Nilimkinga na aibu."

"Uliwahi kumuuliza?"

Mkuu alimtazama kana kwamba kabati ndilo lililosema. Aliondoka na karatasi ile kifuani.

Jioni, jua likiwa bado uani, Mama Masjala alikaa kando ya kitanda cha mama yake wakifanya mazoezi. Bibi yule alipaswa kubana soksi zilizoviringishwa, mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Kiharusi kilimchukulia upande mmoja wa mwili kikauacha ulimi mzima, na yeye aliutumia kwa niaba ya viungo vyote. Mama Masjala alimweleza yote, akitarajia kusikia kwamba mgonjwa hawezi kusafirishwa siku mbili, kwamba huyo mzee wa baiskeli aliyataka mwenyewe, kwamba mtu huanza na wa kwake. Alikuwa ameyapanga maneno hayo njia nzima, ayasikie kwa mdomo mwingine.

"Huyo tarishi kasema uongo juu yako?" mama yake aliuliza.

"Hapana."

Bibi alibana soksi mara ya saba, mishipa ya shingo imemtoka. "Basi mimi usinitie kwenye barua yako. Nimeumwa mkono tu. Sijawa kisingizio."

Mama Masjala alisema barabara ya huko itamuua.

"Itaniua vizuri kuliko kukutazama ukila umegeukia ukuta. Toka jana unakula hivyo. Nane. Hesabu, wewe, mbona umenyamaza?"

Ijumaa alifika ofisini kabla ya mfagizi. Alipita mbele ya dirisha la mapokezi, na binti, aliyekwisha kukaa, alikuwa akipanga fomu. Tangu Jumatano hakuwa amemsalimu. Mama Masjala alisimama, akafungua mdomo, na binti akavuta fomu nyingine na kuzigonga kingo mezani mpaka zikalingana.

Mzee Kengele alikuja saa mbili kuchukua barua za asubuhi. Alivua kofia, akakaa juu ya sanduku la karatasi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umeujua," alisema.

"Niliujua kwa kidole tu, kabla sijausoma."

"Na yeye amekuja kwako."

"Amekuja. Ana barua yangu ya uhamisho."

Mzee alitikisa kichwa, akakodolea macho baiskeli iliyoegemea nje. Hakuomba. Hilo ndilo lililomtia Mama Masjala hofu zaidi. Angeomba, angejua la kufanya na hasira yake. Alimuuliza kwa nini hakumwambia yeye kwanza, faraghani, miaka yote hiyo wanayopeana barua mkono kwa mkono. Mzee alisema alisubiri. Alisubiri miaka miwili amwone akimwambia binti. Kila mchana alipita akawakuta wanakula, akafikiri leo, labda leo.

"Mimi mkataba wangu unaisha mwezi ujao," alisema. "Akiusaini, akiukataa, nimeshaishi hivyo hivyo siku zote. Lakini usije ukafikiri nilikuandika kwa kukuchukia. Nilimwandika yeye kwa sababu ni mkubwa. Wewe nilikuandika kwa sababu nilikutegemea."

Alisimama, akatia barua mfukoni, akajaza daftari kwa mkono ule ule mzito, kalamu ikilia juu ya karatasi. Kisha kengele ikasikika uani, na akaenda zake.

Saa tatu Mama Masjala aliweka karatasi kwenye mashine. Alipiga chapa habari za choo na za zamu; ile ya maji, yake mwenyewe, aliichana. Alipofika ya nne hakuwa na cha kunakili, lakini watu wa masjala hawasahau walichosikia kikisomwa kwa sauti. Aliipiga yote, neno kwa neno, pamoja na sentensi inayomhusu. Vidole vilikwama hapo. Aliisoma mara mbili kutafuta neno la kulainisha, na kwa dakika nzima kidole chake kilikaa juu ya herufi bila kushuka. Kisha kikashuka.

Alipofika ya ishirini na saba, badala ya ile yake ya maji, alichukua karatasi safi, na hiyo aliiandika kwa mkono, kwa mwandiko wake mviringo ambao kila mtu katika jengo lile aliujua. Alieleza kwamba dokezo linalotajwa katika karatasi ya nne lipo, akataja jalada, akataja folio, akataja tarehe. Alieleza kwamba yeye aliliona siku ile ile na hakumwarifu mhusika wala mtu yeyote, na kwamba hakuwa na sababu isipokuwa woga. Aliweka jina lake lote, lile ambalo wengi hawakulijua, na sahihi. Nakala aliigonga muhuri, akaiandika katika daftari, akaifunga katika jalada la binti na kuipa nambari nyekundu. Folio ya thelathini na moja. Aliitazama nambari ile na kukumbuka ngazi, lakini hakuwa na nafasi ya kukaa na jambo hilo, maana saa ilikuwa sita kasoro robo na kengele ilikuwa ikilia uani.

Mzee Kengele alipokea mfuko wa posta. Aliupima uzito kwa mkono, akamtazama usoni, akaufunga kamba kwenye baiskeli kwa mafundo mawili zaidi ya kawaida.

Saa tisa na nusu Mama Masjala alipanda ngazi. Alizihesabu. Mkuu alikuwa na barua ya uhamisho mbele yake upande mmoja, na karatasi ya nne upande wa pili, chini ya kizuizi cha kioo. Alimwonyesha kiti. Hakukaa.

"Sema."

Mama Masjala alimwambia kwamba karatasi zote ishirini na saba zimekwenda na posta ya saa sita. Nakala ya maelezo yake iko jaladani, ina nambari. Mkuu aliuliza nambari gani, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida, naye akaambiwa. Alijua kama yeye maana ya nambari ile. Kwa mara ya kwanza alionekana mchovu. Akarudi kwenye jambo alilolishika.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Sitasema."

"Unamjua."

"Namjua. Na maneno yaliyo ndani yake, mzee, ni ya folio ya kumi na nne. Yale mwandiko wake tunaujua sote wawili."

Chini, mtu alikuwa akifunga madirisha, moja moja. Mkuu alichukua kalamu. Aliishikilia juu ya barua muda wa kutosha kwa wote wawili kufikiri kwamba huenda asisaini. Kisha alisaini, haraka, na mkia wa sahihi ukaruka nje ya mstari. Aliisukuma barua mezani. Mama Masjala aliipokea kwa mikono miwili kama inavyopokewa barua yoyote ya serikali, akaomba ruhusa, akashuka.

Huko masjala aliigonga muhuri wa tarehe. Aliiandika katika daftari, akaitoboa, akalitoa jalada lake mwenyewe kutoka kabati la tatu na kuifunga mle, kisha akachukua kalamu nyekundu. Siku ishirini na moja za kujiandaa. Angemwuliza daktari kama mazoezi ya mkono yanaweza kuandikwa kwenye karatasi, hatua kwa hatua, mtu akayafuata nyumbani.

Alifunga makabati, akachukua jalada la binti kwapani. Sheria haikumruhusu kulitoa nje ya chumba baada ya saa za kazi. Alitembea nalo ukumbi mzima hadi dirisha la mapokezi, ambako binti alikuwa ameshika mkongojo tayari kuondoka.

"Nilikuwa nalo miaka miwili," alisema. Aliliweka jalada mbele ya binti. "Mwanangu, nilikuwa nalo miaka miwili, tangu siku moja ya mvua, na kila siku nilikula na wewe."

Binti alilitazama jalada, akaitazama saa ya ukutani. Halafu aliuvuta ubao mdogo wa kufunga dirisha, ule unaowaambia wananchi warudi Jumatatu, na kwa ncha ya mkongojo akakisukuma kiti cha wageni, kile kinachoyumba, mpaka kikagusa magoti ya Mama Masjala.

"Kaa," alisema. "Anzia siku ile ya mvua."